Namna ya Kuiangusha Nadharia ya Mageuko Ukiwa Pemba

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kima punju kumi na wanne walikamatwa Unguja, wakavushwa bahari na kuachiwa katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya Konde. Nia ilikuwa kumnusuru kima huyo, ambaye duniani kote kwao ni Unguja tu. Akipata makao ya pili, hata msitu mmoja ukikatwa mbegu yake haitapotea. Watafiti waliorudi Ngezi karibu miaka 40 baadaye waliwakuta wangalipo. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa wakila majani ya Ngezi na kuzaa kama wenyeji wa hapo.

Waliowavusha hawakuwa na habari ya kupima nadharia ya mageuko, lakini waliipima. Kabla ya siku ile mtu angeweza kusema kwamba Pemba haina kima punju, haina chui wala paa nunga, kwa sababu udongo na miti yake haiwafai. Kima wa Ngezi walijibu hoja hiyo kwa matumbo yao. Chakula kilikuwepo na miti ilikuwepo, ila njia ya kufikia hapo ndiyo haikuwepo.

Njia yenyewe inasomeka kwenye ramani ya bahari. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara ni wa maji mafupi, haufiki mita 100. Zama za barafu, karibu miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yaliganda kwenye nchi za baridi na bahari ikashuka takriban mita 120. Unguja ikawa rasi ya bara, na mnyama alifika kwa miguu yake. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine. Mvuvi wa upande wa magharibi anajua kwamba ukitoka nje ya miamba, mshipi hauoni chini. Kina kinakaribia mita 800. Toa mita 120, bado ni bahari kuu.

Charles Darwin aliliona jambo hili kabla ya yeyote kufikiria kuvusha kima. Katika kitabu chake cha 1859 alieleza kwamba visiwa vilivyotengwa na bara aghalabu havina mamalia wa nchi kavu, ilhali popo wapo, tena mara nyingi wa aina zisizopatikana kwingine. Akauliza kwa nini visiwa vipate popo na vikose wengine, wakati wanyama wakiletwa na watu hustawi vizuri tu. Jibu lake lilikuwa kwamba popo ana mabawa. Akivuka mara moja na kukaa muda mrefu bila kuchanganyika na nduguze, kizazi chake hubadilika polepole kikawa aina yake peke yake.

Nenda Kidike, si mbali na Chake Chake, ukamwone huyo popo. Harufu inakupokea kwanza, kisha makelele, kisha mamia ya popo wakubwa wananing'inia kama maembe meusi. Mabawa yakitandazwa yanafika mita 1.6. Jina lake la kitaalamu ni Pteropus voeltzkowi, alilopewa mwaka 1909, na hapatikani mahali pengine popote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha. Vijiji vikaanza kumlinda, na leo wanahesabika kwa maelfu. Mtazame kwa mbali. Usimshike, awe hai au amekufa, kwa sababu popo wanaweza kubeba magonjwa yanayompata binadamu.

Makala haya yanamlenga mwalimu wa biolojia, mwanafunzi wake, na yeyote aliyewahi kukaa barazani akasikia hukumu ikitolewa kwamba “hiyo ni nadharia tu.” Sina nia ya kuingia katika tafsiri ya dini, hilo lina wenyewe. Ninachotaka ni kuonyesha mahali pa kupiga. Mtu akitaka kuiangusha nadharia hii kwa ushahidi, alenge wapi?

Neno nadharia limetuponza kidogo. Mitaani ni kinyume cha vitendo: fulani ni wa nadharia, fundi ni yule. Katika sayansi nadharia ni maelezo yanayojitia hatarini. Yanasema mapema kitakachoonekana, na muhimu zaidi, kisichopaswa kuonekana kamwe. Mwanafalsafa Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, ndiye aliyeipa nguvu hoja kwamba dai lisiloweza kukanushwa si dai la kisayansi. Katika miaka ya 1970 Popper mwenyewe aliandika kwamba fundisho la Darwin halipimiki barabara. Mwaka 1977, katika mhadhara uliochapishwa mwaka uliofuata, alisema amebadili mawazo. Wengi wanaomtaja huishia kwenye lile la kwanza.

Lazima pia tujue tunapima nini, maana “mageuko” ni madai kadhaa yaliyofungwa kwenye furushi moja. Lipo dai kwamba viumbe vyote vina asili moja, kama koo zinazorudi kwa babu mmoja. Lipo dai kwamba mabadiliko hutokea vizazi kwa vizazi. Na lipo dai la uteuzi wa asili, kwamba wenye sifa inayofaa mazingira huacha watoto wengi zaidi, na sifa hiyo huenea. Unaweza kuvunja moja na mengine yakabaki wima. Ukigundua kwamba popo wa Kidike alitoka upande ambao wataalamu hawakuudhania, umevunja tawi. Shina linahitaji shoka jingine.

Sasa tuwaite mashahidi watatu wa Pemba.

Wa kwanza ni popo huyo huyo. Bara la Afrika lina popo wake wakubwa wa kula matunda, na pwani ya Tanga iko umbali wa kilomita 50 hivi. Lakini jamii ya Pteropus haiishi bara la Afrika hata kidogo. Iko Asia, iko Madagascar, Ngazija na Shelisheli, iko Mafia, iko Pemba. Vinasaba vilipopimwa, popo wa Pemba aliangukia kwa ndugu zake wa visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwake. Popo wa bara anayekula maembe yale yale alibaki jirani tu, si ndugu wa karibu.

Wa pili ni mjusi wa kijani, Phelsuma parkeri, unayeweza kumkuta juu ya shina la mgomba au mnazi akiota jua mchana kweupe. Naye hapatikani nje ya Pemba, na wengi wa jamii yake wako Madagascar na visiwa vinavyoizunguka. Wa tatu hana miguu wala mabawa. Ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi wenye shina jembamba, ambao kwao asilia ni Pemba. Ndugu zake porini wako Madagascar na Komoro. Bara hawapo.

Hapo msikilizaji mkali atanikatiza, na atakuwa na haki. Atasema kwamba ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, ndege wasiopatikana kwingine, wanafanana na ndege wa bara, nami nitasema walitoka bara. Popo anafanana na wa Madagascar, nami nitasema alitoka huko. Basi nadharia yangu ni kama mganga ambaye mgonjwa akipona ni dawa, asipopona ni mizimu. Kipimo kiko wapi?

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika ubishi huu, na walimu wengi hulikwepa. Kusimulia baada ya tukio si kupima. Nadharia haikutuambia mapema ni pwani ipi popo alitokea, kwa hiyo haistahili sifa kwa kulibaini hilo baadaye. Hatari yake iko kwingine, katika kuafikiana kwa mashahidi wasiojuana.

Familia nyingi za pwani zina silsila, orodha ya nani kamzaa nani. Chukua wazee watatu waliokaa Wete, Lamu na Muscat, ambao hawajawahi kuonana. Kila mmoja achore silsila ya ukoo mmoja wa watu kumi na moja kwa kumbukumbu yake. Kama ukoo huo haujawahi kuwepo, michoro itapishana ovyo. Kama upo, itakaribiana. Mwaka 1982 watafiti wa New Zealand, David Penny na wenzake, walifanya hivyo hasa. Walichukua spishi 11 na protini tano tofauti, kila protini ikiwa mzee anayejitegemea, wakachora silsila kwa kila moja. Kwa spishi 11 michoro inayowezekana ni 34,459,425. Kama hakuna asili moja, hakuna sababu ya protini ya kwanza kuchagua mchoro unaofanana na wa pili. Michoro ilikaribiana mno.

Basi shoka la kwanza ni hilo. Leta viumbe ambao silsila zao, kutoka sehemu mbalimbali za vinasaba, zinapishana kila mahali bila mpango. Msuguano mdogo haushangazi, maana hata wazee husahau jina moja au mawili, na bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyoazimana vyombo. Lakini mvurugano wa jumla kwa mamalia, ndege na miti ungeua dai la asili moja siku hiyo hiyo. Kwa Pemba: sehemu moja ya jeni za popo ikimpeleka Madagascar, nyingine kwa kunguru, nyingine kwa chewa, nadharia imekwisha.

Toleo la jikoni la kipimo hiki halihitaji maabara. Ukila kuku, usitupe bawa. Lipasue taratibu: mfupa mmoja wa juu, miwili chini yake, kisha vidole vilivyobanana. Shika mkono wako: mmoja, miwili, kisha kiganja na vidole. Mchoro wa bawa la popo katika kitabu cha biolojia utakuonyesha mpango huo huo, vidole vimerefushwa na ngozi imetandwa katikati yake. Katika ngano popo ni kigeugeu, leo upande wa ndege, kesho upande wa wanyama. Mifupa na vinasaba vimemkatia hukumu: ananyonyesha, ana meno, na hana hata unyoya mmoja wa ndege. Akipatikana popo aliyeota manyoya ya ndege, yenye mhimili na jeni zile zile za unyoya, hakuna silsila itakayombeba.

Shoka la pili liko chini ya ardhi. Husemwa kwamba J. B. S. Haldane, mwanabiolojia wa Uingereza, alipoulizwa ni kitu gani kingeiangusha nadharia, alijibu: sungura katika miamba iliyotangulia wanyama wote. Tanzania tuna mahali pa kutafutia sungura wetu. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ukitegemea mamia ya vibarua Waafrika, ulichimba kilima cha Tendaguru mkoani Lindi na kupeleka Berlin mamia ya tani za mifupa ya dinosaria, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Palikuwa na dinosaria wa ukubwa wa nyumba. Twiga hakuwepo, nyati hakuwepo, wala fuvu la mtu. Fuvu moja la mtu ndani ya tabaka lile, lisilofukiwa baadaye na lisilo la hila, lingetosha kuvuruga hesabu yote.

Hila nazo zipo. Mwaka 1912 wataalamu wa Uingereza walitangaza fuvu la “mtu wa Piltdown,” nao wengi wakalimeza kwa sababu lilikuwa la kwao. Kadiri mifupa ya kweli ilivyopatikana Afrika, ndivyo fuvu hilo lilivyozidi kukosa nafasi. Mwaka 1953 likathibitika kuwa fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la nyani mkubwa, meno yamepigwa tupa.

Upande wa pwani, hoja inayoletwa sana ni silikanti. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alipatikana Songo Mnara, na Tanga wavuvi wa nyavu za jarife wamemtoa mara nyingi. Watu husema kwamba wanasayansi waliapa amekufa, kumbe yupo, basi yote ni uongo. Kwa maoni yangu hoja hii ni dhaifu. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba kisichoonekana kwenye mawe hakipo baharini. Nadharia haijawahi kudai kwamba ukoo wa kale lazima ufe. Silikanti angekuwa shoka kama mifupa yake ingepatikana katika miamba ya kale kuliko samaki wa kwanza.

Kuna wakati nadharia hii ilikaribia kushindwa kwa haki, na aliyeibana hakuwa kasisi wala shehe. Alikuwa mwanafizikia, Lord Kelvin. Alihesabu jinsi dunia inavyopoa na kusema umri wake ni makumi ya mamilioni ya miaka. Muda huo haukumtosha Darwin, naye alilijua hilo na likamsumbua hadi kufa kwake 1882. Baadaye madini yanayotoa mnururisho yalitoa saa mpya, na umri wa dunia ukafika miaka bilioni 4.5. Hesabu mpya ingeweza kuangukia upande wa Kelvin. Ingekuwa hivyo, tusingekuwa tunazungumza haya.

Mara nyingine nadharia ilijitokeza kwanza na kungoja. Mwaka 1862 Darwin alipata ua la okidi kutoka Madagascar, lenye mrija wa asali wa karibu sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Alichekwa. Nondo huyo alielezwa mwaka 1903, miaka 21 baada ya Darwin kufa. Kwa binadamu, kipimo kikali kilihusu kromosomu. Sokwe wana 48, sisi tuna 46. Ikiwa asili ni moja, jozi moja haiwezi kuwa imeyeyuka tu bila madhara; lazima mbili ziliungana, na kovu la kiungo lionekane. Mwaka 1991 watafiti walilisoma kovu hilo katikati ya kromosomu yetu ya pili, ncha mbili zimegusana uso kwa uso. Kovu lisingekuwepo, maelezo yangekuwa magumu sana.

Uteuzi wa asili una kipimo chake, na huu unaonekana ukiwa hai. Mwaka 2006 Zanzibar ilianza kupulizia kuta za nyumba dawa ya kuua mbu. Dawa ile ile, nyumba baada ya nyumba: uteuzi unatabiri kwamba mbu wachache wenye kinga ya kurithi watabaki, watazaa, na kinga itaenea. Miaka michache baadaye mbu wa malaria wa Pemba walikutwa wakiistahimili, ikabidi aina ya dawa ibadilishwe. Kama mbu wangekufa vile vile karne nzima, au kinga ingezuka mahali pasipowahi kupuliziwa dawa kwa kasi ile ile, uteuzi ungekuwa na kesi ya kujibu. Lakini tusidai kuliko tulichonacho. Mbu wa Pemba anathibitisha uteuzi, wala hathibitishi kwamba yeye na mkarafuu wana babu mmoja. Kazi hiyo ni ya silsila.

Selimundu nayo ilipimwa hapa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wenye jeni moja ya selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo, anayerithi moja tu, humkinga mtoto na malaria. Sasa malaria imeshuka sana Zanzibar. Faida ikiondoka, jeni inapaswa kupungua, kwa mwendo wa vizazi. Wajukuu wa wajukuu wetu watahesabu.

Ukitaka kufanya kipimo chako na wanafunzi, sharti kubwa ni moja: andika kabla ya kwenda. Karatasi iseme tutakachokiona ikiwa nadharia ni kweli, na tutakachokiona ikiwa si kweli, kisha itiwe tarehe na ikabidhiwe mtu mwingine. Bila karatasi hiyo kila safari ya Ngezi ni matembezi. Tenga pia vilivyoletwa na watu: mikarafuu, ng'ombe, kima punju, na yule ngawa mdogo wa Kihindi. Hao hawahesabiwi, kwa kuwa jahazi halisomi kina cha mkondo.

Kesi ambayo ningewapa wanafunzi ni ya tumbili na paa chesi. Wote wapo Pemba, wote hawaruki, na mkondo ni ule ule wenye kina cha mamia ya mita. Wataalamu wamekuwa wakishuku kwamba waliletwa na watu. Karatasi iandikwe hivi: ikiwa waliletwa, vinasaba vyao vitatofautiana kidogo tu na vya nduguze wa bara au Unguja, tofauti ya karne chache. Vikitofautiana kwa kiasi cha maelfu kwa maelfu ya miaka, basi walifika wenyewe, na simulizi yetu ya mkondo usiovukika lazima iandikwe upya.

Mifupa ingeamua haraka zaidi. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda milia katika tabaka za zaidi ya miaka 10,000, kama kina kifupi cha mkondo wa Unguja kinavyotaka. Kwa Pemba kina kinataka kinyume chake: katika tabaka za umri huo, punda milia asiwepo. Kwa hiyo ukichimba kisima au ukikata mawe ukakuta mifupa iliyoshikana na mwamba, usiioshe, usiing'oe, usigawe vipande kama ukumbusho. Piga picha ikiwa pale pale, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, pima kina kutoka juu ya ardhi, funika, kisha uwaarifu sheha na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Mfupa ukishatolewa, hakuna tena anayeweza kusema ulikuwa tabaka gani.